Friji linapiga shoti na breka haikati: kutafuta tatizo la ethi nyumba ya zamani inapovutwa waya upya

Nyumba nyingi za zamani za Ngamiani kule Tanga, za Ilala na Magomeni jijini Dar es Salaam, za Mji Mkongwe Zanzibar na za Mji wa Kale Mombasa zilivutwa umeme wakati mwenye nyumba alihitaji taa chache, redio na pasi. Waya uliopita ukutani ulikuwa wa njia mbili, moto na nyutro, basi. Leo ndani ya kuta hizohizo kuna friji, mashine ya kufulia, hita ya bafuni, pampu ya kisima na kompyuta. Fundi anaitwa, anang'oa soketi za zamani, anaweka mpya za matundu matatu, na kila mtu ndani ya nyumba anaamini tundu la tatu linafanya kazi kwa sababu lipo.

Mara nyingi halifanyi. Na hata likiwa na waya mpaka kwenye fimbo iliyopigwa ardhini, bado linaweza kushindwa kumwokoa mtu. Jambo hili lieleweke kabla ya kushika bisibisi, maana dalili zote zitakazofuata zinatoka hapo.

Kama umeme unaingia kwako kutoka nguzoni kwa nyaya mbili tu, ethi yako, yaani njia ya umeme wa hitilafu kwenda ardhini, ni fimbo yako. Fimbo ya shaba ya mita 1.2, unene milimita 16, kwenye udongo wa kawaida wenye unyevu kiasi, hutoa ukinzani wa karibu ohm 70. Sasa chukua volti 230 ugawe kwa 70. Unapata ampea 3 na kitu. Waya wa moto ukigusa mwili wa friji, umeme utakaoenda ardhini kupitia fimbo hiyo ni ampea 3 tu, na breka ya soketi ni ya ampea 20 au 32. Breka inaona kama umewasha birika dogo. Haikati. Friji linabaki limesimama jikoni likiwa na karibu volti 230 mwilini, saa nzima, siku nzima, mpaka mtoto aje peku kutafuta maji baridi.

Kinachokata ni RCD, kile kifaa chenye kitufe cha T kwenye bodi ya breka. RCD ya miliampea 30 inahitaji umeme kidogo sana kupotea njia ndipo izime, na hata fimbo ya ohm 70 inaupitisha kwa wingi. Lakini RCD bila ethi nayo ina kasoro yake: friji lenye hitilafu halina pa kupeleka umeme, kwa hiyo RCD inasubiri mpaka mwili wa mtu uwe ndiyo njia. Itakata, lakini baada ya mtu kupigwa. Ukimsikia fundi anasema "nimeweka ethi, RCD ya nini?" au "RCD ipo, fimbo ni gharama bure," ujue anakupa nusu ya kazi.

Kabla ya kupima

Zima swichi kuu, si breka moja. Chomoa kila kitu kwenye soketi. Pima kwamba umeme haupo kwa kipimo ambacho umetoka kukijaribu mahali penye umeme, kisha rudi ukijaribu tena palepale ujue hakijafa katikati. Upande wa mita na waya wa nguzoni si wako, lakiri isiguswe. Na kazi ya kuvuta waya upya ni ya fundi mwenye leseni, kwa Tanzania Bara leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji. Mwenye nyumba anaweza kufuatilia dalili, kusoma namba na kuuliza maswali yenye maana, na hilo peke yake linaokoa mengi.

Vipimo vyenyewe navyo vinadanganya, hasa kwenye ethi.

Testa ya bisibisi yenye kitaa ndani inakuambia kuna umeme, haikuambii kuna ethi. Kuna wakati inawaka hafifu kwenye waya usiounganishwa popote, kwa sababu tu umelala sambamba na waya wa moto ndani ya paipu moja.

Multimita ni bora, lakini nayo ina mtego. Fundi anaweka ncha moja kwenye moto, nyingine kwenye ethi, anasoma 230, anasema safi. Multimita yenyewe inavuta umeme mdogo mno kiasi kwamba hata fimbo yenye ohm 2,000 itaonyesha 230 ileile. Kipimo hicho kinathibitisha kwamba kuna waya unaofika ardhini kwa namna fulani. Hakisemi kama waya huo unaweza kubeba hitilafu.

Halafu ile taa ya majaribio, globu ya wati 100 kati ya moto na ethi. Ikiwaka sana wanasema ethi kali. Piga hesabu: globu hiyo inavuta chini ya nusu ampea. Kwenye fimbo ya ohm 70 inapoteza kama volti 27 tu, na kwa macho huwezi kutofautisha. Kwenye fimbo ya ohm 200 bado itawaka, na wakati huohuo umepeleka zaidi ya volti 60 kwenye kila chuma kilichofungwa ethi ndani ya nyumba, pamoja na bomba ambalo mtu anaweza kuwa analishika. Naomba kipimo hiki kiachwe kabisa.

Vinavyofaa ni multimita ya kweli kwa mwendelezo wa waya, kipima insulesheni cha volti 500 kinachoonyesha kama ganda la waya linavujisha umeme (mafundi wengi wanakiita Megger, kwa jina la kampuni), kipima fimbo, na kipima RCD. Fundi asiye navyo anaweza kuviazima kwa mwenzake. Fundi asiyejua ni vya nini, mtafute mwingine.

Dalili: friji, jiko au kompyuta inapiga shoti ukiigusa

Swali la kwanza si "friji ni bovu?" Swali ni: kwa nini mwili wa chuma una volti na hakuna kilichokata? Hapo daima kuna mambo mawili pamoja, uvujaji na njia ya ethi iliyokatika au isiyotosha.

Chomeka bisibisi ndefu kwenye udongo wenye unyevu nje, mita kadhaa kutoka kwenye fimbo ya nyumba, uifunge waya mrefu uuingize ndani. Hiyo ndiyo ardhi yako ya kulinganishia. Kwa kipimo hiki umeme uwe umewashwa na friji limechomekwa. Weka multimita kwenye volti za AC, ncha moja kwenye waya huo, nyingine kwenye skrubu ya friji isiyopakwa rangi, kwa sababu rangi inazuia. Ikisoma volti moja mbili, mwili uko salama na mtu anahisi kitu kingine. Ikisoma kati ya 60 na 120, mwili haujaungwa ethi. Kompyuta na vifaa vingi vya kielektroniki vina kichujio ndani ambacho huacha mwili kwenye takriban nusu ya volti za laini kama ethi haipo. Mtu anahisi msisimko, kama ngozi inakwaruzwa. Ikisoma karibu na 230, usipime zaidi. Zima swichi kuu. Waya wa moto umegusa chuma.

Sasa fuata njia ya ethi kutoka kwenye kifaa kurudi nyuma. Anza na plagi, maana hapo ndipo penye kasoro za ajabu zaidi. Friji na mashine nyingi za kufulia zinazoingia kutoka Ulaya, hasa za mitumba, zina plagi ya pini mbili za duara, na ethi yake ni vile vibati viwili vya chuma ubavuni. Soketi zetu ni za matundu matatu ya mraba. Watu wanachokoa tundu la juu kwa kalamu ili vifuniko vya ndani vifunguke, wanasukuma plagi, friji linawaka. Vile vibati vya ubavuni havijagusa chochote. Nyumba inaweza kuwa na ethi bora kuliko zote mtaani, na friji hilo halina. Kata plagi hiyo, funga ya pini tatu yenye fyuzi, waya wa kijani na njano kwenye pini ndefu.

Baada ya plagi, angalia ekstensheni. Ziko zinazouzwa zenye matundu matatu na ndani kuna nyaya mbili tu. Ifungue uone kwa macho.

Kama plagi na ekstensheni ni nzima, nenda kwenye waya wa ukutani. Umeme ukiwa umezimwa, chukua waya mrefu, ufunge upande mmoja kwenye baa ya ethi ya bodi, kile kipande cha chuma ambapo nyaya zote za ethi hukutana, pima ohm za huo waya peke yake, uziandike. Kisha tembea nao soketi hadi soketi, ukipima kati ya ncha yake na tundu la ethi, na ukitoa zile ohm za waya. Shaba ya milimita za mraba 1.5 ina ukinzani wa kama ohm 0.012 kwa kila mita, kwa hiyo soketi iliyo umbali wa mita 20 inapaswa kusoma kama robo ya ohm. Ukisoma ohm 5 au 20, kuna kiungio kilicholegea au kilichoota kutu. Namba ikirukaruka ukigusa boksi, kosa liko hapohapo.

Nyumba za zamani zina tatizo lao maalumu hapa: konduti ya chuma. Zamani paipu ya chuma yenyewe ndiyo ilikuwa ethi, hakuna waya wa kijani ndani. Ikiwa mpya ilifanya kazi vizuri. Baada ya miongo ya hewa ya chumvi, viungio vya nati vimeliwa na kutu, na kila kiungio kinaongeza ukinzani au kukata kabisa. Fundi anavuta waya mpya wa moto na nyutro ndani ya paipu hiyo na anaiacha iendelee kuwa ethi. Usikubali. Kila soketi ipate waya wake wa ethi mpaka kwenye baa, na paipu ya chuma iliyobaki ukutani nayo ifungwe ethi ili isije ikabeba moto bila mtu kujua.

Dalili: kipima soketi kinasema sawa, lakini ethi ni ya uongo

Hili ndilo linalonikera kuliko yote, maana linafanywa kwa makusudi.

Ukifungua soketi ya namna hiyo unakuta nyaya mbili tu zinazoingia kutoka ukutani. Halafu, nyuma ya soketi, kuna kipande kifupi cha waya, urefu wa kidole, kimetoka kwenye skrubu ya N kwenda skrubu ya E. Kimekunjwa vizuri, kimekazwa vizuri. Kile kipima soketi chenye taa tatu kinaonyesha mpangilio sahihi, kwa sababu hakiwezi kutofautisha nyutro na ethi. Multimita inasoma 230 kati ya moto na ethi. Mkaguzi mwenye haraka anapita.

Siku nyutro itakapokatika, iwe nguzoni, iwe kwenye kiungio darini, umeme utaingia kwa waya wa moto, utapita ndani ya friji, utatoka kwenye nyutro isiyo na pa kwenda, utarudi kupitia kile kipande mpaka kwenye mwili wa chuma. Taa zitazimika, watu watadhani umeme umekatika, na wataenda kugusa friji waone kama limezimika pia.

Kuligundua daraja hilo la nyutro na ethi bila kufungua kila soketi, tumia mzigo. Pima volti kati ya nyutro na ethi kwenye soketi, bila kitu kilichochomekwa. Kisha chomeka pasi kwenye soketi ileile, upande wa pili kama ni ya pacha, upime tena ikiwa inachemka. Nyutro inayobeba ampea tano kwa mita ishirini lazima ipande kidogo, nusu volti, volti moja. Kama multimita inasema 0.0 na pasi inapochemka inabaki 0.0, daraja liko nyuma ya soketi hiyo au karibu nayo sana. Kama inasoma makumi ya volti ovyoovyo, waya wa ethi umekatika unaelea.

Kwa nyumba nzima kuna njia ya uhakika zaidi. Zima swichi kuu inayokata nyaya zote mbili, chomoa vifaa vyote, fungua waya wa fimbo kwenye baa, upime insulesheni kati ya baa ya nyutro na baa ya ethi. Inatakiwa isomeke megaohm 1 au zaidi. Ikisoma karibu na sifuri, kuna daraja mahali. Toa nyutro moja moja kwenye baa mpaka namba ipande, na hapo umeijua saketi. Na waya wa fimbo urudishwe kabla ya umeme kuwashwa, tafadhali.

Wapo wanaotetea daraja hili kwa video za Marekani walizoona, ambako nyutro na ethi zinaunganishwa. Huko zinaunganishwa mahali pamoja, kwenye bodi kuu inapoingilia umeme, na ni sheria yao, kwa mfumo wao. Hata huko ni marufuku kuunganisha nyuma ya soketi. Kwetu, nyumba yenye fimbo yake na nyaya mbili kutoka nguzoni, nyutro na ethi hazikutani popote ndani ya nyumba.

Dalili: RCD inakata hovyo

RCD inafanya kazi kama karani wa ghalani: inahesabu umeme unaotoka kwa waya wa moto na unaorudi kwa nyutro, na hesabu zikitofautiana inafunga mlango. Haijali umetumia kiasi gani. Kwa hiyo ikikata, kuna umeme unaorudi kwa njia nyingine, na kusema "RCD ni mbovu" liwe jibu la mwisho. Kwa bahati mbaya mara nyingi ndilo la kwanza. RCD inatolewa, nyumba inatulia, na hatari iliyokuwa inapiga kelele imenyamazishwa.

Zima breka zote ndogo, washa RCD. Ikikaa, washa breka moja baada ya nyingine. Inayoiangusha ndiyo yenye hitilafu, na hapo unachomoa vifaa kimoja kimoja. Watuhumiwa wa kawaida ni elementi ya hita au birika lililokaa muda mrefu bila kutumika likanyonya unyevu, taa ya nje iliyoingia maji ya mvua, pampu ya kisima yenye kiungio kilichovuja. Friji linalokata kila baada ya saa kadhaa na si muda wote, angalia hita yake ya kuyeyushia barafu.

Lakini mafundi wengi hukwama pale RCD inapokata hata breka zote ndogo zikiwa zimezimwa. Wanaapa kwamba hakuna saketi iliyowashwa. Breka ndogo za kawaida zinakata waya wa moto tu. Nyutro zote bado zimeungwa kwenye baa, na kama mojawapo imegusa ethi huko ukutani, kwa msumari wa picha, kwa waya uliobanwa na skrubu ya boksi, kwa lile daraja tulilolisema, umeme wa nyutro unapata njia mbili za kurudi na hesabu inaharibika. Dawa ni kutoa nyutro kwenye baa moja moja, umeme ukiwa umezimwa, na kujaribu kila mara.

Kuna kosa jingine linalozaliwa na kuvuta waya upya kipande kipande: nyutro ya kuazima. Taa ya ngazi inachukua moto kwenye saketi ya chini na nyutro kwenye saketi ya juu kwa sababu ndiyo iliyokuwa karibu. Kwenye bodi ya zamani ya fyuzi hakuna aliyejua. Ukiweka RCD mbili, moja ya chini na moja ya juu, kila ukiwasha taa ya ngazi zinaanguka. Vuta nyutro yake sahihi.

Kuta za mawe ya matumbawe zinavuta unyevu na chumvi, na waya wa zamani ulioachwa ndani yake unavuja kidogo kila mahali. Kipima insulesheni kitakuonyesha sehemu ya megaohm wakati wa masika na namba nzuri wakati wa kiangazi. Waya wa namna hiyo hauna matengenezo. Unatolewa.

Mwisho kwa upande huu, nyumba yenye kompyuta nyingi na mashine za kisasa hujumlisha uvujaji halali wa kila kifaa. Ukifika theluthi ya miliampea 30 RCD inaanza kuwa na wasiwasi. Hapo gawanya saketi, kila kundi na RCD yake. Usihamie RCD kubwa.

Dalili: RCD haikati kabisa

Kitufe cha T kinajaribu mtambo wa ndani wa RCD tu. Hakipitishi kitu kwenye fimbo yako. Nyumba isiyo na ethi hata ya kudanganyia itafaulu jaribio la kitufe kila mwezi. Kibonyeze, ni vizuri, kwa sababu mtambo usiotikiswa hukwama. Lakini ushahidi wa kweli unatoka kwa kipima RCD kwenye soketi: kwa miliampea 30 ikate ndani ya milisekunde 300, na kwa 150 ndani ya milisekunde 40.

Kama haikati, kwanza soma maandishi usoni kwake. Inatakiwa 0.03A. Zipo za 0.1A na 0.3A, umbo lilelile, na mtu dukani haoni tofauti ya sifuri moja. Ya 0.3A inasaidia kuzuia moto wa nyumba, hailindi moyo wa mtu. Angalia pia kama nyutro ya kuingia na ya kutoka zimefungwa baa moja. Zikikutana hivyo hesabu ya RCD haina maana tena.

Na nyumba kongwe unaweza kukuta kifaa chenye sehemu mbili za kufunga waya wa ethi, moja ya nyumba, moja ya fimbo. Hicho ni cha kizazi kilichopita, kinapima volti kwenye waya wa ethi. Bomba la maji likigusa ardhi pembeni, kinapofuka. Kitolewe.

Dalili: fimbo inasoma ohm nyingi

Kwa hesabu za RCD ya miliampea 30 hata ohm 1,600 zingetosha kwenye karatasi, maana lengo ni mwili wa kifaa usivuke volti 50. Lakini fimbo ya ohm 500 leo inaweza kuwa ya ohm elfu kadhaa Januari, udongo ukikauka. Ukipita 200 usiiamini. Lenga chini ya 100.

Anza juu, si chini. Chimbua kichwa cha fimbo. Mara nyingi klampu imeota kijani, au imefungwa juu ya rangi, au imezikwa ndani ya sakafu ya saruji ambako hakuna atakayeiona tena. Kwaruza, kaza, pima upya. Halafu pima urefu. Mwamba ukigoma, wapo wanaokata fimbo kwa msumeno na kuacha nusu mita ardhini. Udongo wa juu ndio unaokauka kwanza, kwa hiyo nusu mita hiyo si kitu.

Fimbo ya mita 2.4 inashusha ile ohm 70 mpaka kama 40. Mahali pa mwamba, kama kwenye matumbawe ya pwani au mawe ya Mwanza, piga fimbo mbili au tatu, zikiachana angalau urefu wa fimbo moja, ziungwe kwa waya wa shaba wa milimita 16 za mraba wenye ganda. Zikipigwa shimo moja zinagombania udongo uleule na faida haipo. Chumvi na mkaa vinashusha namba kwa msimu mmoja, kisha mvua inaondoa chumvi na kutu inabaki na shaba yako. Udongo wa bentonaiti unakaa. Na fundi anayemwagia shimo ndoo mbili za maji dakika kumi kabla ya kupima hapimi fimbo, anapima ndoo.

Bafuni

Mtu anayeoga analalamika bomba linamsisimua. Zamani bomba la chuma lililotoka barabarani lilikuwa ethi ya bure ya nyumba nzima. Kisha mabomba ya nje yakabadilishwa kuwa ya plastiki, chuma cha ndani kikabaki, na hakuna aliyekumbuka kwamba waya wa ethi ulikuwa umefungwa hapo. Sasa hita ikivuja, umeme unaenda kwenye mabomba yote ya chuma na hauna pa kushukia.

Zima swichi kuu, pima bomba dhidi ya ile bisibisi ya nje. Volti zikipotea, chanzo ni ndani: anza na hita. Zikibaki, zinatoka nje, kwenye nyutro iliyoungwa na ethi kabla ya swichi au kwenye bomba la pamoja na jirani, na hapo mwite jirani na shirika la umeme. Mabomba yote ya chuma yaliyobaki yaungwe kwenye baa ya ethi kwa klampu. Hita ya kuogea isiwashwe hata mara moja mpaka RCD ya 0.03A imepimwa.

Rangi zilizochanganyika

Waya wa zamani: nyekundu moto, nyeusi nyutro, kijani ethi. Mpya: kahawia, bluu, kijani na njano. Uingereza, ambako rangi zetu nyingi zilitoka, ilianza kubadili mwaka 2004 na kuachana na za zamani kwa kazi mpya mwaka 2006. Nyumba ya fezi tatu ndiyo yenye mtego mbaya. Bluu ya zamani ni fezi, bluu mpya ni nyutro. Nyeusi ya zamani ni nyutro, nyeusi mpya ni fezi. Mahali mpya inapokutana na ya zamani pima kila waya, ubandike alama ncha zote mbili. Na kijani cha zamani kisiaminiwe. Kuna mafundi waliokosa waya mwekundu wakatumia kijani kwa swichi ya taa.

Taa zinapanda na kushuka

Taa zikiwaka sana chumba kimoja na kufifia kingine, au zikiongezeka mwanga friji linapoanza, usipoteze muda kwenye ethi. Nyutro kuu imelegea. Kwenye fezi tatu volti zinaweza kukimbilia 400 na kuunguza kila kitu. Zima swichi kuu, piga simu ya dharura ya shirika la umeme, subiri.

Jenereta na inveta

Jenereta dogo nyutro yake mara nyingi haijaungwa na chochote, kwa hiyo RCD ya nyumba haitakata nyumba ikiwa inatumia jenereta, hata kama imefaulu vipimo vyote vya umeme wa nguzoni. Inveta nyingi ziko hivyohivyo. Swichi ya kubadilishia ikate moto na nyutro pamoja, na kila chanzo kipimwe kivyake: RCD, soketi, fimbo. Namba hizo, pamoja na tarehe na msimu zilipopimwa, ziandikwe kwenye karatasi ndani ya mlango wa bodi, ili fundi atakayekuja kiangazi kijacho awe na cha kulinganisha.